Mtoto wa Hamisa, Mtoto wa Hamisa

Sikuzani Abdala alikuwa na akili, hilo hata wanaomlaani leo hawalipingi. Ubaya ni kwamba alikuwa anajijua. Mtu akikosea mbele yake hakumsema, alimtazama tu kupitia miwani yake, na kutazamwa vile, jamani, ni afadhali utukanwe ukajua moja. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alizaliwa Mkongoni, Kisarawe ya ndani kabisa, akasoma kwa tabu mpaka chuo, akachukua kompyuta, kisha akaajiriwa Maili Moja, Kibaha, kwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Alipanga nyumba Misugusugu. Ukimuuliza kwenu wapi, alikujibu "Kibaha," akaishia hapo.

Mama yake, Bi Mwanamvua, alizika vichanga vitatu kabla hajampata yeye. Wa nne alipozaliwa akalia, akaendelea kulia hadi kukapambazuka, mama wa watu hakuamini masikio yake, ndiyo akampa jina la Sikuzani. Wale watatu hawakuwa na majina. Mkongoni mtoto alikuwa anapewa jina siku ya saba, na wao hakuna aliyefika. Tena wanawake wa kule hawafuati maziko. Mtoto akifa, baba na wanaume wawili watatu wanambeba kwenda kwenye mikorosho, wanarudi na udongo miguuni, basi. Mama anabaki ndani akijua tu kwamba huko ana mtu wake. Bi Mwanamvua akiwataja watoto wale kwa bintiye aliwaita "wenzio". Wenzio wangekuwepo tungevuna mapema. Wenzio wangekuwepo usingekuwa na kiburi hivyo. Sikuzani alilisikia neno hilo tangu utotoni, na hakuuliza hata siku moja hao wenzangu ni wangapi.

Nyumba ya pili kutoka kwao alikaa Bi Hamisa. Huyu alijifungua pacha, wa kike na wa kiume, mwezi uleule aliozaliwa Sikuzani, na wote wawili wakafa siku ya tatu. Maziwa yakabaki kifuani yanamuuma. Mwanamvua naye alikuwa na mtoto mzima lakini maziwa hayatoki. Basi wakakubaliana bila maneno mengi, na Sikuzani akanyonya kwa Hamisa hadi akaota meno. Kwa sheria ya dini Hamisa ni mama yake wa ziwa, na wale pacha ni ndugu zake. Haya, tuendelee.

Likaja bwawa. Bonde la Mkongoni, linaloteremka kuelekea Ruvu, lilitakiwa lijazwe maji ya kupelekwa mjini. Watu wakapewa viwanja juu kwenye tambarare, wakajengewa nyumba za bati, na ikaamuliwa kwamba maiti nao wahamishiwe hukohuko juu. Makaburi yakaandikwa mara mbili. Kwanza ilipita timu ya kijiji, ikiongozwa na Mzee Yahya, mwenyekiti wa kitongoji, wakizunguka na simu inayopima mahali. Baada ya mvua ikapita timu ya mkandarasi nayo na simu zake, Mzee Yahya akiwaonyesha njia. Orodha mbili, na mkandarasi anataka moja. Kazi hiyo ikaangukia ofisi ya Maili Moja, na pale ofisini ikaangukia kwa Sikuzani.

Asiyejua kompyuta asiogope, nitasema kwa ufupi. Katika mfumo wa programu walioutumia, kila kaburi lilikuwa kitu kimoja chenye sifa zake: jina la marehemu, simu ya ndugu, na mahali lilipo. Vitu hivyo hukaa pamoja kwenye kusanyo. Ukishakuwa na kusanyo hupitii kimoja kimoja kwa kidole, unaliamuru. Nichujie wasio na jina. Niunganishie hili na lile. Niondolee yanayojirudia. Amri unaziunga moja nyuma ya nyingine, mistari mitano tu, na makusanyo yanaingia machafu huku, yanatokea safi kule. Sikuzani alizipenda amri hizo kuliko alivyopenda watu. Alikuwa na haki kuzipenda, maana zilimtii.

Orodha ya kijiji ilikuwa na makaburi mia tano hamsini na nane. Ya mkandarasi mia tano arobaini na moja. Akaziunganisha, zikawa elfu moja tisini na tisa, na karibu kila kaburi limo mara mbili. Tatizo ni kwamba simu hazikubaliani. Kaburi lilelile, simu hii inaliweka hapa, simu ile inaliweka mita saba pembeni. Kwa hiyo Sikuzani akatunga kanuni: vitu viwili vyenye jina moja, vilivyoachana chini ya mita kumi, ni kaburi moja. Bakiza cha kwanza, kinachofuata tupa. Akabonyeza. Zikabaki mia tano thelathini na nne. Akajinyoosha kwenye kiti mpaka mifupa ikalia.

Kwa watu wazima kanuni ile haikuwa na kasoro. Mbaraka Ally ni mmoja, hawezi kulala mahali pawili. Lakini vichanga, nyie? Mzee Yahya aliwaandikisha kwa namna pekee aliyoijua, hawana majina, sasa angewaitaje? Mtoto wa Mwanamvua. Mtoto wa Mwanamvua. Mtoto wa Mwanamvua. Na wanaume wa Mkongoni, kwa huruma yao, walikuwa wanawalaza ndugu karibukaribu, hatua moja kati ya kaburi na kaburi. Kanuni ikawakuta wana jina moja na wako ndani ya mita kumi. Ikabakiza wa kwanza, wengine ikatupa. Haikukosea, ilifanya ilivyoagizwa.

Msije mkasema hakuhakiki. Alihakiki! Kabla ya kufunga alilitafuta jina la mama yake. Ukaja mstari mmoja: Mtoto wa Mwanamvua, na simu ya mama ikiwa pembeni. "Mama yumo," akasema peke yake, akatabasamu, akaenda kununua chipsi. Mtu anayejua idadi ya vitu kwenye kila kusanyo alilowahi kuligusa, nyumbani kwao hakujua kama wamekufa mmoja au watatu.

Mwenye ofisi aliitwa Melkiori, mtu wa bara, mpole wa sauti, asiyepandisha hasira hata akikuumiza. Akaiangalia orodha, akaipenda. "Hii sasa ndiyo data, dada. Imenyooka." Wakubwa wakaisaini, mkandarasi akaisaini, na mafundi wakaenda Mkongoni kuchomeka vigingi vyekundu mahali palipotajwa. Penye kigingi pangefukuliwa. Pasipo na kigingi palikuwa shamba tu.

Zoezi lilianza Jumatatu. Milango ya bwawa ingefungwa Ijumaa jioni. Wanawake waliwekwa kando ya njia, nyuma ya kamba, wanaume na shehe wakaingia kwenye mikorosho. Msimamizi alikuwa Bernard, kijana wa kazi, kishikwambi mkononi, anaita jina, wanachimba, wanachukua kilichopo, wanakifunga kwenye kitambaa cheupe. Kwa vichanga vilivyozikwa miaka thelathini iliyopita hakukuwa na kitu cha maana, ni udongo wa rangi nyingine kidogo. Wanafunga udongo huo kwa adabu, wanauweka kwenye gari.

Jumanne saa nne Bernard akaita, "Mtoto wa Mwanamvua." Wakachimba, wakafunga. Kisha akaita, "Mbaraka Ally."

"Bado wawili!" Bi Mwanamvua akapiga kelele kutoka kwenye kamba.

Bernard akageuka. "Mama, hapa una mmoja."

"Nimezika watatu. Hapohapo, pamoja."

"Mfumo unasema mmoja."

Mzee Yahya akajikongoja mbele, akasema yeye mwenyewe aliandikisha watatu, kwa mkono wake. Bernard akamwonyesha kioo. "Mzee wangu, kama uliandika, mbona hawapo?" Mzee akaangalia kioo, akaangalia vidole vyake, akaanza kujishuku, maana umri umekwenda. Mchimbaji mmoja akacheka, "Huyu bibi anataka tumlimie shamba zima bure," na wenzake wakacheka naye. Bi Mwanamvua alikaa chini pale kwenye vumbi, akatoa simu kwenye pindo la kanga.

Sikuzani aliona jina la mama akakunja uso. Akapokea.

"Sikuzani. Wenzio wako wangapi?"

"Mama, niko kazini."

"Nakuuliza. Wenzio ni wangapi?"

Akaanza kuhesabu kichwani. Ndipo kwa mara ya kwanza akagundua hajui, na uso ukamwaka.

"Watatu, mwanangu," mama akasema. "Hapa wamenipa mmoja. Wanasema kompyuta ndiyo imesema. Si ndiyo hiyo yako?"

Simu ikakatika. Sikuzani hakuhitaji dakika tano kuelewa, nimeshasema alikuwa na akili. Akairudia ile orodha ya kijiji, safari hii peke yake, kabla haijaunganishwa na kitu. Orodha moja haiwezi kuandika kaburi lilelile mara tatu. Jina likijirudia humo, basi ni makaburi tofauti. Jambo dogo! Lilikuwa la kufikiriwa siku ya kwanza. Akaandika kichujio kinyume cha kile cha mwanzo: nionyeshe wote walio kwenye orodha ya kijiji, ambao kanuni yangu iliwatupa wakati hawakupaswa kutupwa. Kikaja kijikusanyo kidogo. Thelathini na saba. Wote ni mtoto wa fulani, mtoto wa fulani. Akashuka na macho hadi akawaona wawili wa mama yake. Mistari minne chini yao: Mtoto wa Hamisa.

Alilisoma jina hilo. Mtu asije akawaambia hakulisoma.

Akaingia kwa Melkiori, akamweleza yote bila kujitetea. Kwa hilo nitampa haki yake. Melkiori alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Vizuri. Kaa." Akamsogezea kiti. "Leo Jumanne. Ukienda kwa wakubwa ukasema thelathini na saba, watauliza na mengine ni mangapi, orodha nzima itafumuliwa, maji yatasimama, na sisi hatupati tena kazi hapa mpaka tunazeeka. Unga utamwagika, wako na wangu. Na jina litakalotajwa ni la aliyeandika kanuni."

"Lakini bosi, wale ni watu."

"Wamekaa chini miaka thelathini, hawajalalamika." Alisema hivyo kwa upole, kama anayempa mtu pole. "Sikiliza. Wawili wa mama yako nitawaingiza kwa barua, nyongeza ya familia moja. Familia moja kusahaulika ni ubinadamu, hakuna atakayeuliza. Thelathini na saba ni uzembe. Unataka wa mama yako, au hutaki?"

Hapo ndipo ilipokuwa roho ya Sikuzani, mezani, baina ya kikombe cha chai na kalamu. Angeweza kusema hapana. Angeweza kumpigia Bernard, kumpigia Mzee Yahya, kupanda gari akaenda kusimama kwenye kamba akapiga mayowe, na siku zilikuwepo tatu. Alifikiria kodi ya nyumba, alifikiria kurudi kukaa Mkongoni ambako hata Mkongoni hakutakuwepo tena. Alifikiria mama yake kwenye vumbi. Akasema, "Nataka."

"Basi hicho kijiorodha kifute."

Akakifuta kwenye kompyuta ya ofisi. Nakala ikabaki kwenye simu yake, wala si kwa wema, ni mazoea tu ya watu wa kompyuta, hawafuti kitu bila kubakiza kingine.

Alhamisi vikachomekwa vigingi viwili vipya, na Sikuzani akaenda mwenyewe, amefunga ushungi, ili mama amwone. Wakafukua, wakafunga, vitambaa viwili. Bi Mwanamvua alilia kwa sauti, akamshika bintiye mkono, akawaambia wote pale kwenye kamba, "Mwanangu kanitolea watoto wangu! Mwanangu huyu!" Wanawake wakampongeza. Sikuzani akasimama akipongezwa.

Bi Hamisa akapenya katikati yao. Mwanamke mdogo, mkimya, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa. "Mwanangu, hebu njoo kidogo," akasema kwa sauti ya chini. "Na mimi nina wawili. Jumatatu wamenitolea mmoja. Nilinyamaza nikadhani mwingine ana zamu yake. Leo ndiyo mwisho, sijamsikia. Hebu niangalizie na wangu, wewe ndiye unayejua."

Sikuzani angeweza kusema chochote. Akamwomba Bernard kishikwambi. Akakishika, akapitisha kidole juu, akapitisha kidole chini, akakunja paji la uso kama mtu anayetafuta kweli, na alichokuwa anakitafuta alikuwa anakijua kilipo, kilikuwa kwenye mkoba wake, ndani ya simu. Wachimbaji walikuwa bado wameshika majembe.

"Mfumo unasema mmoja, mama."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Hamisa akatikisa kichwa taratibu. "Basi labda waliwalaza pamoja. Wanaume walikuwa hawatuambii kitu. Ehe, ndiyo, itakuwa pamoja, si walikuwa pacha?" Akalishika lile wazo kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie, umeniangalizia."

Bi Mwanamvua alikuwa hatua mbili nyuma. Machozi yalikuwa hayajamkauka. Aliyasikia yote, akamtazama bintiye, na bintiye akapata kazi ya kumrudishia Bernard kishikwambi chake.

Ijumaa milango ikafungwa. Maji hayakuwa na haraka, lakini hayakusimama.

Bi Mwanamvua alikuja kukaa Misugusugu kwa bintiye, ndivyo walivyokuwa wamepanga. Jumatatu asubuhi Sikuzani alikuwa anatafuta viatu vya kazini, mama yuko uani amejiwekea ungo, anachagua mchele.

"Marehemu baba yako," mama akasema bila kuinua kichwa, "ndiye aliyechimba makaburi ya wale pacha. Mawili. Alirudi na malengelenge, nikamkanda mimi kwa maji ya chumvi. Yalikuwa mawili, Sikuzani."

Sikuzani akasimama na kiatu mkononi.

"Ulipokuwa unaangalia kile kioo, ulikuwa unajua?"

Angesema hapana, mama angejilazimisha kumwamini, maana mama ni mama. Lakini alikuwa amechoka. "Nilijua."

"Na wengine walioachwa, wapo?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Thelathini na tano. Pamoja na wa Hamisa."

Mama akaendelea kuchagua mchele. Alitoa chenga, akatoa jiwe, akalitupa. "Una majina yao?"

"Ninayo kwenye simu."

"Nisomee."

"Mama, nachelewa."

"Nisomee!"

Akakaa kwenye kizingiti akasoma. Mtoto wa Zawadi. Mtoto wa Zawadi. Mtoto wa Zawadi. Mtoto wa Kudra. Kila alilolisoma mama alilirudia kwa mdomo, polepole, analiweka mahali. Bi Mwanamvua hajui kusoma, lakini akishasikia kitu hakimtoki. Yote thelathini na tano, wanawake ishirini na wawili, na anawajua kila mmoja alipo, aliyehamia tambarare, aliyeolewa Chanika, waliokwisha kufa. Alipomaliza, akafunga kanga zake mbili na chombo cha mafuta kwenye fuko.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa wenzangu. Nitawaambia mmoja mmoja."

"Mama, utanifukuzisha kazi!"

"Bora ungeniacha na yule mmoja," Bi Mwanamvua akasema. "Ningelia nikanyamaza. Sasa umenipa watatu, kila nikipita pale kwa Hamisa nitapita nimeinamisha uso." Akatoka. Mchele akauacha kwenye ungo, nusu umechaguliwa, na kuku wa jirani wakaumaliza.

Zikapita wiki mbili. Sikuzani alikwenda kazini kila siku akisubiri kufukuzwa, na hakufukuzwa. Melkiori alimpa kazi nyingine, orodha za wanachama wa ushirika, aziunganishe na kuzichuja. Kila alipoandika ile amri ya kuondoa yanayojirudia vidole vilikuwa vizito, lakini aliandika.

Jumatano moja kabla ya adhuhuri, Melkiori yuko safarini, mlango ukagongwa. Bi Hamisa. Alikuwa ametoka tambarare alfajiri, bodaboda mpaka Mlandizi, akapanda gari, akauliza watu hadi akafika. Amevaa kanga mpya, amevua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Akaitazama kompyuta. "Ndiyo yenyewe hii?"

"Ndiyo."

"Sikuja kugombana. Maji yamefunika mikorosho yote, hata nikigombana sioni cha kugombania. Nina swali moja tu." Akaiweka mikono mapajani. "Huyo mmoja aliye kule juu. Ni yupi? Wa kike au wa kiume?"

Sikuzani akaisogeza kibodi pembeni.

"Maana nikienda kule nasimama pale nimekwama," Hamisa akasema. "Sijui nasema na nani. Sijui ni nani nimemwacha. Nikaona nikuulize wewe, wewe ndiye uliyechagua."

"Sikuchagua mimi, mama. Kompyuta... inabakiza wa kwanza. Wanaofuata inawaacha."

"Wa kwanza kuzaliwa alikuwa wa kike."

"Hapana. Wa kwanza kwenye orodha."

"Na orodha ilianza na nani?"

Sikuzani akageukia kioo, hakujua macho ayapeleke wapi. Akafungua orodha ya kijiji. Mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Mtoto wa Hamisa. Mtoto wa Hamisa. Saa ileile, dakika ileile, simu ya Mzee Yahya. Hakuna kilichoandikwa pembeni. Hakuna tofauti hata ya herufi, na waliochimba wote wamekufa.

"Haijulikani, mama," akasema.  "Haikuandikwa. Hakuna anayejua."

 Chini walikuwa wanajaribu pikipiki, inanguruma, inazimika. Hamisa alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa pindo la kanga, akajifuta tena.

"Basi nidanganye," akasema.

"Mama..."

"Nidanganye. Unajua kudanganya, ulinidanganya pale na kile kioo, nikarudi nyumbani nikakuombea dua. Niambie yeyote. Siwezi kuishi hivi nisijue yupi."

Sikuzani alikuwa analia sasa, miwani imejaa ukungu. Akaivua. Alitazama ile mistari miwili asiyoiona tena vizuri.

"Wa kike," akasema.

Hamisa akashusha pumzi. "Wa kike," akarudia. "Haya. Yuko juu." Akainuka, akavaa viatu vyake, akajifunga kanga vizuri. Mlangoni akageuka.

"Na ungesema wa kiume ningeshukuru vilevile," akasema. "Chini pale dukani wamekaa wenzangu kumi na wanne. Mama yako katuleta, yeye kakataa kupanda. Kila mmoja ana swali lake hilohilo. Zawadi ana wanne, amepewa mmoja, usimkatize haraka. Wadanganye vizuri, kama mimi."

Akashuka, ameshika ukuta. Sikuzani alisikia akisema na mtu kule chini, sauti ndogo. Kisha miguu mingine ikaanza kupanda ngazi.